Kutoka Philadelphia hadi Madison: barabara ya vyama vya siasa vya Marekani

Nilifundisha Uraia na Historia katika shule za sekondari za Tanga mpaka nilipostaafu, na tulipofika mada ya demokrasia ya Marekani hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, kule nako wanakata kadi za chama?" Kitabu kilikuwa na aya moja tu ya kujibu. Septemba iliyopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu Trenton, New Jersey. Yeye alikuwa na likizo na gari, mimi nilikuwa na orodha ya miji midogo ambayo wakala wa utalii hawezi kukuuzia. Nilitaka kuona vyama vile vilizaliwa wapi, na hasa nani alikuwa na mamlaka ya kumteua mgombea, maana naamini ukishalijua hilo umekijua chama. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari na picha za simu, nikiwa nimesharudi nyumbani.

Jumamosi, Philadelphia

Gari tuliliacha Trenton kwa sababu maegesho katikati ya Philadelphia yanakula pesa. Treni ya SEPTA ilitufikisha kwa chini ya saa moja. Watalii wote walikuwa wamepanga foleni ya Independence Hall. Sisi tulitaka jengo la pembeni yake, Congress Hall, ambamo Bunge la Marekani lilikutana kuanzia 1790 hadi 1800. Kuingia ni bure, ila unapita kwenye ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, kwa hiyo usibebe begi kubwa.

Chini walikaa Wawakilishi, juu Maseneta. Chumba cha chini si kikubwa. Meza za mbao zimepangwa nusu duara, na ukikaa nyuma unamsikia anayenong'ona mbele. Humu ndimo watu waliotunga Katiba ya 1787 isiyotaja chama hata mara moja walimogawanyika makundi mawili kabla miaka kumi haijaisha. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka benki ya taifa na serikali kuu yenye nguvu. Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, pamoja na rafiki yake James Madison, waliona huko ni kuwapa wenye fedha nchi nzima. Benki ilipata hati yake 1791. Mwaka huohuo Jefferson akampa mshairi Philip Freneau kazi ya kutafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na Freneau akaanzisha gazeti la kuishambulia serikali ileile iliyokuwa ikimlipa. Upande wa Hamilton tayari ulikuwa na gazeti lake, la John Fenno. Kwa hiyo kabla ya ofisi, bendera wala katiba ya chama, kilichotangulia ni magazeti mawili yanayotukanana. Watu wa Hamilton waliitwa Federalist, wa Jefferson wakajiita Republican, ingawa hicho si chama cha Republican cha leo.

Mhifadhi wa zamu, kijana mpole mwenye kofia pana, alituonyesha mahali ambapo Februari 1798 Roger Griswold, Federalist wa Connecticut, alimvamia Matthew Lyon wa Vermont kwa fimbo, kwa sababu siku chache kabla Lyon alikuwa amemtemea mate usoni. Lyon alikimbilia koleo la kwenye meko, wakapigana mbele ya Bunge zima. Baadaye mwaka huo Lyon alifungwa kwa sheria ya kuwanyamazisha wakosoaji wa serikali, na wananchi wa Vermont wakamchagua tena akiwa gerezani. George Washington alikuwa ameshaonya juu ya moyo wa uchama katika waraka wake wa kuaga, uliochapishwa gazetini mjini humu Septemba 19, 1796. Hakusikilizwa.

Nilimwuliza mhifadhi nani alikuwa anateua wagombea wa urais enzi hizo. Akajibu kwa mkato: "Hawahawa waliokuwa wakikaa humu." Wabunge wa kila upande walikutana faragha wakakubaliana jina, basi. Utaratibu huo uliendelea hadi 1824, wabunge 66 tu walipohudhuria kikao cha kumteua William Crawford huku wenzao wengi wakikisusia. Mwaka huo Andrew Jackson aliongoza kwa kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, yaani wale wa majimbo ambao kura zao ndizo humpata Rais, dhidi ya 84 za John Quincy Adams, lakini hakuvuka nusu. Uamuzi ukarudi kwa Wawakilishi, na wao wakampa Adams.

Chakula cha mchana tulinunua kwenye mkokoteni wa halali, wali na kuku, dola 10 kila mmoja. Mikokoteni hii ipo mingi katikati ya jiji, na sahani moja inashibisha watu wawili.

Jumapili, Kinderhook

Saa nne barabarani kuelekea kaskazini, mvua njia nzima. Barabara kuu ya New York haina tena vibanda vya kulipia. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inafuata kwa posta. Ukikodi gari, uliza mapema kampuni inatoza nini juu ya ushuru huo, maana wengine wanaongeza ada ya kila siku.

Kinderhook ni kijiji cha mashamba ya matufaha kwenye bonde la mto Hudson. Martin Van Buren alizaliwa hapa 1782, nyumbani wakizungumza Kiholanzi. Baba yake alikuwa na kilabu cha pombe na nyumba ya wageni, ambapo wanasiasa wa safari za Albany na New York walilala, na mtoto alikua akiwasikiliza. Nyumba aliyoinunua akiwa Rais, Lindenwald, sasa inatunzwa na serikali. Ukumbi wa katikati umebandikwa karatasi za ukutani kutoka Ufaransa zenye picha za uwindaji: farasi, mbwa na miti, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Meza ndefu ya chakula iko hapohapo ukumbini. Nilikaa muda kuitazama, kwa sababu mtu huyu kazi yake ilikuwa kukaa mezani na watu wasiopendana mpaka wakubaliane.

Chama cha Democratic cha leo chimbuko lake ni hesabu zake. Januari 13, 1827 alimwandikia Thomas Ritchie, mhariri wa gazeti huko Richmond, Virginia, akipendekeza wakulima wakubwa wa Kusini waungane na wananchi wa kawaida wa Kaskazini nyuma ya Jackson. Sababu aliitaja waziwazi: bila chama kinachofunga watu wa pande zote mbili, ubishi juu ya utumwa ungeigawa nchi. Jackson akashinda 1828. Mashine ilifanya kazi: kamati katika kila wilaya, magazeti, mikutano ya hadhara, na vyeo serikalini kwa waliofanya kampeni.

Hapa mahali niliona uzito moyoni. Chama kilichowapa wanaume weupe maskini sauti ambayo hawakuwahi kuwa nayo kiliinunua sauti hiyo kwa kukubaliana kunyamaza juu ya mamilioni waliokuwa minyororoni. Baba yake Van Buren mwenyewe alimiliki watumwa sita, hapahapa Kaskazini. Mama aliyetuongoza hakulipamba jambo hilo, na nilimshukuru.

Jioni tulikwenda kwenye makaburi ya kijiji. Kaburi lake ni nguzo ya mawe iliyochongoka, majani yamelowa, hakuna mtu mwingine. Kisha tukanunua mfuko wa matufaha kwenye kibanda cha barabarani kisicho na muuzaji. Unatia pesa ndani ya kopo, unaondoka.

Jumatatu, Batavia

Siku ya kuendesha. Kati ya Albany na Batavia hakuna la kusimulia isipokuwa mahindi na malori.

Batavia tulisimama kwa ajili ya kaburi lisilo na mtu ndani. Pembeni mwa makaburi ya mji, karibu na reli, kuna nguzo ndefu yenye sanamu ya William Morgan juu yake. Mwaka 1826 fundi huyu alitangaza kwamba angechapa siri za Freemason. Akakamatwa kwa kudaiwa pesa kidogo, akawekwa rumande Canandaigua, mtu akalipa deni lake usiku, akapakiwa kwenye gari la farasi na hakuonekana tena. Waliohusika walipata vifungo vifupi, na watu wakaanza kuhesabu mahakimu na wakuu wa polisi wangapi walikuwa wanachama wa kundi hilohilo. Hasira ikawa chama: chama cha kupinga Freemason, chama cha tatu cha kwanza katika historia ya Marekani, yaani cha kwanza kusimama nje ya vile viwili vikubwa. Sanamu ilisimamishwa 1882 kwa michango ya watu zaidi ya 2,000.

Chama hicho kilikufa mapema, lakini kiliacha kitu ambacho Marekani nzima inakitumia hadi leo. Kwa kuwa wabunge wake walikuwa wachache mno kuteua mgombea wao kwa wao, Septemba 1831 kiliita wajumbe kutoka majimboni wakutane Baltimore wamteue kwa kura. Huo ndio mkutano mkuu wa kwanza wa kitaifa wa kuteua mgombea urais. Wapinzani wa Jackson wakauiga Desemba hiyohiyo, na Democratic wakafanya wao Mei 1832, mjini humohumo. Sisi wa nchi za wajumbe na mikutano mikuu tunaujua vizuri utaratibu huu, lakini nani angedhani ulianzia kwenye kutoweka kwa fundi mmoja wa mji mdogo?

Mzee aliyekuwa akikata nyasi alizima mashine alipotuona tunasoma maandishi. Alitupeleka upande wa pili wa nguzo yanakosomeka vizuri zaidi, akasubiri tumalize, ndipo akaiwasha tena.

Jumanne, Buffalo

Lafayette Square ni uwanja wa katikati ya jiji wenye mnara wa mashujaa wa vita, na wafanyakazi wa ofisi wanakula mchana wakiwa wameketi kwenye ngazi zake. Agosti 1848 hapa palisimamishwa hema kubwa na watu kwa maelfu wakaja kuanzisha chama cha Free Soil: utumwa usiingie kwenye ardhi mpya iliyotekwa kutoka Mexico. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani miaka kumi nyuma, alikuwemo. Na mgombea wao alikuwa nani? Martin Van Buren, yuleyule wa barua ya 1827. Mwaka 1844 alikuwa amepata zaidi ya nusu ya wajumbe wa Democratic kule Baltimore, lakini kanuni ilidai theluthi mbili, na Kusini ikamnyima kwa kuwa alipinga kuichukua Texas. Kinyongo kilikuwamo, sikatai. Hata hivyo alipata kura kama 291,000, sawa na moja katika kila kumi, na chama chake cha zamani kikashindwa uchaguzi huo.

Jioni mdogo wangu alinipeleka upande wa magharibi wa jiji, ambako wakimbizi kutoka Congo wamejenga maisha. Mkahawa mdogo, meza nne, sombe, ugali mweupe na samaki wa kukaanga. Mama mwenyewe alitusikia tunazungumza akatoka jikoni akifuta mikono.

"Karibu, mama. Munatoka wapi? Munasema Kiswahili muzuri sana."

Yeye ni wa Bukavu. Nilipomweleza ninachokitafuta alivuta kiti. Alipopata uraia alijaza fomu ya mpiga kura, na kwenye sehemu ya chama hakuweka alama, akidhani ni jambo la hatari kulitaja. Ilipofika siku ya kuteua wagombea akaambiwa hawezi kupiga, kwa kuwa New York kura hizo ni za waliojiandikisha na chama husika tu. "Hakuna kadi, hakuna ada," alisema, "ni alama moja tu kwenye karatasi, lakini bila hiyo unakaa nje ya mlango." Hilo ndilo jibu ambalo wanafunzi wangu walilisubiri miaka yote. Alikataa kulipwa chai, na tulipoondoka alitufungia maandazi ya njiani.

Jumatano, barabarani kwenda Jackson

Kwa wenye pasipoti yetu: ukiiandikia simu "Jackson, Michigan" ukiwa Buffalo, inakupeleka darajani kuingia Canada, kwa sababu ndiko karibu. Canada inataka viza yake, na viza ya Marekani ya kuingia mara moja inaweza kukuletea matatizo wakati wa kurudi. Andika Cleveland kwanza, halafu Toledo, uzunguke ziwa Erie kwa kusini. Ni safari ya saa sita, kwetu ilikuwa tisa, kwani karibu na Sandusky tulipata pancha kwenye mvua. Baba mmoja mwenye pikapu alisimama bila kuitwa, akatoa jeki yake na pampu ya upepo, akaziba tundu huku ameipigia magoti lami. Kofia yake ilikuwa ya kampeni ya chama ambacho mdogo wangu hakipigii kura. Noti ya dola 20 aliirudisha mfukoni mwa mdogo wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Moteli ya usiku huo ilikataa pesa taslimu kwa amana na kutuacha tumesimama mapokezi nusu saa. Njoo na kadi ya benki inayokubalika kimataifa.

Alhamisi, Jackson na Chicago

Kwenye kona ya mitaa ya Second na Franklin kuna bustani ndogo, imezungukwa na nyumba za kawaida zenye vibaraza. Jiwe lenye bamba linasema hapa, chini ya mialoni, Julai 6, 1854, chama cha Republican kilipata jina na wagombea wake wa kwanza wa jimbo. Mkutano ulianzia ukumbini, watu wakazidi, wakahamia msituni. Wiki chache kabla, Mei 30, Rais Franklin Pierce alikuwa ametia saini sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofuta mpaka wa 1820 uliouzuia utumwa kwenda kaskazini. Chama cha Whig, kilichokuwa mpinzani mkuu wa Democratic kwa miaka 20, kilipasuka katikati: Whig wa Kusini upande huu, wa Kaskazini upande ule. Waliobaki bila nyumba walikutana hapa na wale wa Free Soil na Democratic wenye hasira. Vuli hiyohiyo mgombea wao, Kinsley Bingham, akachaguliwa kuwa gavana.

Nilipoisoma tarehe nilimwita mdogo wangu. Julai 6, 1854. TANU ilizaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954: karne moja na siku moja baadaye. Mimi ni mtoto wa Saba Saba, nimeandamana na bendera za kijani na nyeusi, na pale chini ya miti nilijisikia mwenyeji. Waliokutana msituni humo hawakudai kuufuta utumwa kila mahali. Walitaka kuuzuia usienee. Ilitosha kwa Kusini kuwaona maadui, na miaka saba baadaye ilikuwa vita.

Chicago tuliingia saa ya foleni. Jengo la mbao walimomteua Abraham Lincoln Mei 1860, kwa duru ya tatu ya kura, liliungua zamani. Kona ya Lake na Wacker leo ni maghorofa. Foleni ilitupa nafasi ya mdogo wangu kuuliza swali ambalo kila Mwafrika anayeishi kule hujiuliza: ilikuwaje chama cha Lincoln kikapoteza kura za Weusi? Nilimweleza nijuavyo. Mdororo wa uchumi na mipango ya Franklin Roosevelt viliwavuta wengi kwenda Democratic kufikia 1936. Harry Truman akaamuru jeshi liache ubaguzi 1948. Kisha 1964 Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, na Barry Goldwater, mgombea wa Republican aliyeipinga sheria ile Seneti, akashinda majimbo matano ya Kusini pamoja na kwao Arizona. Majina ya vyama yalibaki palepale. Watu ndio waliohama. Tulifika Wisconsin usiku wa manane.

Ijumaa, Ripon

Ripon inashindana na Jackson kuwa mahali pa kuzaliwa Republican. Shule nyeupe ya mbao, chumba kimoja, iliyojengwa 1853, imehamishwa mara kadhaa toka kiwanja chake cha kwanza. Machi 20, 1854, mwanasheria Alvan Bovay alikusanya majirani humu: Whig, Free Soil na Democratic. Kamati za vyama vya zamani wakazivunja usiku huo na kuunda moja mpya. Bovay ndiye aliyekuwa akimsihi mhariri Horace Greeley wa New York alitumie jina la Republican.

Tulikuta mlango umefungwa. Mama wa duka la jirani alitoka, akatazama namba za gari letu, akasema, "Mmetoka New Jersey kwa ajili ya hii?" Akapiga simu. Baada ya robo saa akaja bibi mwenye funguo, aliyejitolea tu, akatufungulia. Sakafu inalia ukiikanyaga. Madawati ni ya watoto. Watu wazima walioketi hapo Machi ile magoti yao hayakuingia chini ya meza. Nilikaa kwenye moja, nikaweka daftari juu yake, nikaandika tarehe. Hakuna kiingilio tulichotajiwa, tukaacha mchango kisandukuni. Ukienda, piga simu kabla, hasa majira ya joto yakishapita.

Jumamosi, Madison

Soko la wakulima linazunguka Bunge la jimbo kila Jumamosi asubuhi, kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba. Jibini mbichi ya vipande, asali, vitunguu, nyanya za rangi nne. Bunge lenyewe liko wazi na ni bure. Nje ya chumba cha gavana kuna sanamu ya shaba ya mnyama wa jamaa ya nyegere, na pua yake inang'aa kwa kushikwa na wapita njia.

Nilikuja kwa ajili ya Robert La Follette, ambaye sanamu ya kichwa chake imo ndani. Mkutano wa Republican ulimnyima ugombea wa ugavana 1896, ukamnyima tena 1898, na yeye akaamini wenye kampuni za reli na mbao walikuwa wakinunua wajumbe. Alipoupata ugavana 1900 akapigania sheria ya kuwanyang'anya wajumbe kazi hiyo na kuwapa wapiga kura wenyewe. Bunge likaipitisha 1903, wananchi wakaiidhinisha kwa kura 1904, na 1906 Wisconsin ikateua wagombea wake kwa kura za jimbo zima. Sisi tunaiita kura za maoni, na mara nyingi kwetu zimeishia kwa wajumbe wachache. Nani asiyejua wajumbe wanavyozungukwa usiku wa kuamkia kura?

Nilimwuliza muuza jibini kama yeye ni mwanachama wa chama gani. Alisema Wisconsin hawaandikishi chama kabisa. Agosti anapewa karatasi yenye vyama vyote, anachagua safu moja akiwa peke yake nyuma ya pazia, na hakuna anayeandika alichagua ipi. Nikamsimulia mama wa Buffalo. Akaacha kukata jibini. "Mwambie ahamie huku," akasema, akanionjesha kipande.

Mdogo wangu aliniacha uwanja wa ndege wa Chicago Jumapili. Mafuta kutoka Trenton hadi Madison yalikula kama dola 150, moteli kati ya dola 75 na 95 kwa usiku kwa chumba cha vitanda viwili, na chakula kingi tulikula cha kubeba. Bili za ushuru wa barabara zilifika Trenton nikiwa nimesharudi Tanga, moja kutoka kila jimbo linalotoza, kwa hiyo tengeni akiba yake kabla ya kugawana gharama. Anayetaka kufuata njia hii aende kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba, maana Lindenwald na shule ya Ripon hufungwa baridi ikiingia.